Mawe Yanayopanda Kilima

Katika machimbo ya Rwamgasa na vijiji vinavyoyazunguka, jiwe lina njia moja tu. Hutolewa ardhini, hutiwa kwenye kiroba, hushuka kwa baiskeli au pikipiki hadi kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na huishia kuwa unga ndani ya karai la maji. Mtu akionekana analipandisha jiwe kilimani, tena alfajiri, tena siku baada ya siku, watu hawawezi kunyamaza. Serafina Maige, mama wa miaka hamsini na saba, alipandisha mawe zaidi ya mia moja na arobaini kabla mtu yeyote hajamwuliza sababu. Hawakuona haja ya kumwuliza. Sababu walikuwa nazo tayari, tena mbili.

Ya kwanza ilizungumzwa mwaloni, mahali wachimbaji wanapooshea mchanga wa dhahabu: mama yule ameona kitu kule juu na anaweka alama. Ya pili ilizungumzwa kanisani: amerudi kwenye mambo ya mababu, anajenga mahali pa tambiko, jiwe moja moja. Wapo walioziamini zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa huko waganga wamewahi kuwatuma watu kufanya mambo ya ajabu kuliko hayo ili duara, yaani shimo la kuchimbia, litoe mali.

Wa mwaloni walimfuatilia kwa macho tu. Wa kanisani ndio waliomuumiza. Serafina, anayejulikana zaidi kama Mama Luka, ni mwalimu wa dini katika kigango chao kidogo cha Kikatoliki. Kwa miaka kumi na moja amewaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza. Kwaresima ya mwaka huu ilianza akiwa na watoto kumi na wanne. Kufikia Jumamosi ya pili walikuwa watano.

"Wengine wanaumwa," waliomleta mtoto wa tano walimwambia.

Ulikuwa ugonjwa wa ajabu, ulioshika watoto tisa wa nyumba tisa kwa wiki moja.

Mambo haya yalianza na mguu. Juni ya mwaka uliopita Serafina alikuwa akikaanga mihogo kwenye kibanda chake karibu na mwalo, mwiko ukamtoka mkononi, naye akaanguka upande wa kushoto. Kilikuwa kiharusi. Alikaa hospitali siku ishirini na mbili, akarudi nyumbani akiuburuta mguu. Majirani walikuja kumpa pole, wakautazama ule mguu, wakatazamana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alitaja jina la mtu aliyemroga. Mwingine alitaja jina jingine.

Hospitalini alikutana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti anayeitwa Samia, mwenye hijabu ya kijani na sauti ya kuamrisha. Samia anamkumbuka vizuri mama huyo kwa ubishi wake. Alimwambia kwamba mguu haujafa. Umeacha kuitika kwa kuwa hauitwi. Auite kila siku. Wiki za kwanza ilikuwa kusimama kwa mguu mmoja akishikilia mlango. Baadaye kutembea. Baadaye mwinuko. Septemba Samia aliongeza uzito: kilo mbili mgongoni wakati wa kupanda, na asishuke nazo hata siku moja, kwani kushuka na mzigo kunaliharibu goti.

Serafina alijaza mchanga kwenye mfuko. Ukatoboka siku ya tatu. Ndipo alipogeukia kifusi kilichokuwa nyuma ya choo chake, mawe ambayo marehemu mumewe, Nkwabi, aliyatupa alipochimba duara uani kwa miaka minne bila kupata cha maana. Kila alfajiri alichukua jiwe moja, akaliandika namba kwa chaki ili asipoteze hesabu ya siku, akalitia kwenye begi la shule la zamani la mwanawe Luka, akapanda, akaliacha juu na kushuka begi likiwa tupu. Jumapili hakupanda. Lilikuwa agizo la Samia, ambaye ni Mwislamu: misuli hujengeka siku ya kupumzika, si siku ya kazi.

Mwalimu wa dini aliyefundisha miaka kumi na moja hawezi kusikia maneno kama hayo akayaacha hospitalini. Yaliingia darasani. Watoto walianza kusali Nasadiki, sala ya kukiri imani, wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja. Walisali kumi moja la rozari mikono ikiwa imenyooshwa pembeni, na yeyote aliyeishusha hakuchapwa, aliambiwa tu aanze tena kesho. Serafina aliwaeleza kwamba imani ni kama mguu wake. Mtu asiyesali hasemi ameacha kuamini. Anasema tu leo amechoka. Siku moja anaiita imani na haiitiki.

Aliwaambia kuhusu maumivu ya siku ya pili, yale yanayomfanya mtu adhani mazoezi yamemdhuru, na kwamba wengi huacha kufunga Kwaresima siku hiyohiyo ya pili. Aliwaambia kuhusu Jumapili. Na alipofika kwenye somo la kitubio alileta jiwe darasani.

"Ukiungama, umelifikisha juu," aliwaambia. "Sasa kuna watu wanaungama, halafu wanalitia tena begini wanashuka nalo. Goti litabaki?"

"Halitabaki!"

"Basi liacheni hukohuko."

Maneno hayo yalifika nyumbani kwa wazazi yakiwa nusu. Mwalimu anawasimamisha watoto kwa mguu mmoja. Mwalimu ana jiwe. Mwalimu anasema dhambi zinaachwa kilimani.

Jumanne ya wiki ya tatu ya Kwaresima, saa kumi jioni, mwenyekiti wa kigango alifika nyumbani kwake. Valerian ana miaka sitini na mitatu, ana pikipiki, na ana karasha ambalo amelitumia kwa miaka kumi na saba kusagia mawe ya watu wengine.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu kiti, Mwenyekiti."

Kiti alikikataa. "Mwalimu, Jumapili halmashauri inakaa. Nimekuja kwa wema. Acha kilima, ubaki na darasa. Ukishikilia kilima, tutakupumzisha."

"Nikiacha kilima, mguu ndio utakaonipumzisha."

"Mguu, mguu. Mtume mwenyewe alisema mazoezi ya mwili faida yake ni kidogo."

"Alisema kidogo, Mwenyekiti. Hakusema hakuna."

Valerian alitazama nyuma yake kama kuna mtu anasikiliza. Akashusha sauti. "Na mawe unayatoa wapi?"

"Hapo nyuma ya choo. Kifusi cha marehemu."

Alicheka. "Mama Luka! Mimi ni mtu wa karasha. Usinifanye mgeni wa basi la jana."

Serafina alimwonyesha kwa kidole. Valerian hakugeuka hata kutazama. Kwa mtu aliyeishi na wachimbaji miaka yote hiyo, jibu linalotolewa haraka namna ile, tena bila kuombwa mara mbili, lazima liwe uongo. Alipita hatua sita kutoka kwenye kile kifusi, akapanda pikipiki yake, akaondoka.

Kilichofuata kimesimuliwa na Shaaban, kijana kutoka Ushirombo anayeendesha lile karasha kwa niaba ya Valerian na ambaye hunywa chai kwenye kibanda cha Serafina kila asubuhi. Jumatano mchana mwenyekiti alileta mawe matatu kwenye kiroba, akaagiza yasagwe peke yake, yasichanganywe na mzigo wa mtu. Shaaban alisaga mawili. La tatu lilikuwa na namba ya chaki, 143, na ile nne aliitambua: imekaa kama kiti kilichopinduliwa, sawasawa na nne zilizoandikwa kwenye ubao wa bei wa Mama Luka. Aliliweka kando chini ya turubai. Kisha akaosha unga wa yale mawili, na chini ya karai ikabaki njano kidogo.

Alhamisi asubuhi alikuja kunywa chai na jiwe likiwa ndani ya koti.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia kwa Kisukuma chake cha kuazima.

"Mwangaluka. Leo umenenepa tumbo upande mmoja."

"Ni mimba yako hii." Alilitoa jiwe chini ya meza. "Lako au si lako?"

Serafina aliligeuza. "Limeshukaje?"

"Limeshushwa. Na wewe unajua nani mwenye karasha." Shaaban alikunywa chai yake yote kabla ya kuendelea. "Mimi sijasema kitu. Nina watoto wawili na kazi moja. Lakini Jumapili nasikia wanakuhukumu kwa tambiko. Nikasema, tambiko gani hili linasagwa na anayelikataza?"

"Dhahabu imeonekana?"

"Kidogo."

Serafina hakuonekana kushangaa, na hapa ndipo wengi wanapomtilia shaka mpaka leo. Mwenyewe hakatai kwamba alijua. Anasema Nkwabi alichimba miaka minne kwa ajili ya kidogo hicho hicho, kila wiki kidogo, mpaka vumbi likamjaa kifuani. Ndiyo maana aliona afadhali mawe yale yapande kilima kuliko yashuke kwenye karasha. Anayetaka kuamini aamini.

Kwa vyovyote habari ilikwisha kutoka. Ijumaa Serafina alipofika juu na jiwe namba 145 alikuta wanaume kumi na wawili wakichimba pale lilipokuwa lundo lake. Mawe yake walikuwa wameyatupa pembeni yasiwazuie.

"Shikamoo, mama. Tuonyeshe basi, ni upande gani hasa?"

"Marahaba. Hapa hakuna kitu, wanangu. Mawe yanatoka nyumbani kwangu, nyuma ya choo."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha sururu. "Mama ana utani huyu!" Waliendelea kuchimba palepale. Jumamosi walikuwa zaidi ya thelathini. Darasani siku hiyo walikuja watoto watatu.

Halmashauri ilikaa Jumapili baada ya ibada, kanisani mlemle, wajumbe saba kwenye mabenchi mawili yaliyotazamana. Serafina alipewa benchi la peke yake. Begi la Luka lilikuwa miguuni pake, na ndani yake mlikuwa na jiwe namba 143.

Katibu, Edward, alisoma, "Ajenda ya tatu. Kilima."

Aliyeanza alikuwa Martina, mjumbe wa akina mama, ambaye binti yake Juliana alikuwa miongoni mwa watoto tisa wagonjwa. "Mimi sina maneno mengi. Mwanangu anasali Nasadiki kwa mguu mmoja nyumbani. Korongo! Kuna Mkristo anasali kama korongo?"

"Anafika wapi?" Serafina aliuliza.

"Nini?"

"Kwenye Nasadiki, kabla mguu haujagusa chini."

Martina alifikiri, na bila kutaka akajibu. "Kwa Ponsyo Pilato."

"Mwezi uliopita aliishia kwenye mbingu na nchi. Anaendelea vizuri."

Edward alicheka, akajifanya anakohoa. Valerian aligonga benchi. "Hapa si mahali pa mizaha. Mwalimu wa dini anapeleka mawe kilimani kabla ya jua. Sisi Wasukuma tunajua kilima kinapelekewa nini. Watoto wetu hawawezi kufundishwa na mikono inayofanya hivyo. Na hilo begi lina nini?"

Serafina alilifungua. Jiwe alilitoa, akaliweka sakafuni katikati ya mabenchi, upande wenye namba ukimtazama mwenyekiti.

Wajumbe sita waliona jiwe la kawaida lenye chaki. Valerian alilitazama kwa muda mrefu kuliko jiwe la kawaida linavyostahili. Kama Serafina angetaka kummaliza, angemmaliza hapo, kwa sentensi moja. Alisema, "Hili linatakiwa kurudi juu kesho. Anayetaka kujua ninachofanya kule anisindikize, kisha mseme kama nafundisha au sifundishi."

Edward ndiye aliyependekeza waende wawili, Valerian na Martina, na uamuzi usubiri taarifa yao. Baadhi ya waumini wanasema Serafina alinyamaza kwa huruma. Martina ana maoni tofauti: "Alimshika koo kimyakimya." Huenda yote mawili ni kweli.

Jumatatu walikutana chini ya kilima, nuru ikianza tu. Serafina alikuwa na jiwe jipya, namba 147, begini. Lile la 143 alimpa Valerian mkononi.

"Hili lako leo, Mwenyekiti."

Alilipokea. Kufika theluthi ya njia alikuwa ameketi kwenye mwamba, jasho likimtiririka hadi kwenye kola.

"Wewe si una kiharusi wewe?" alimwambia kwa hasira.

"Nilikuwa nacho. Wewe una pikipiki. Pumua kwa pua. Usiongee mpaka tuufikie ule mti."

"Nataka kuongea."

"Juu."

Martina, aliyekuwa nyuma yao, alidhani wanapanga jambo, akaongeza mwendo ili asipitwe. Hivyo alikuwepo, karibu kabisa, walipofika kileleni.

Wachimbaji walikuwa wamebaki kama ishirini. Kilele chote kilikuwa mashimo ya kufika magotini, udongo mwekundu usio na kitu, na mawe yenye chaki yametawanyika. Wawili walikuwa wanagombania mpaka wa shimo tupu. Valerian alisimama na jiwe lake kifuani, akingoja pumzi irudi.

"Liache hapo," Serafina alimwambia.

"Nikiliacha, utawaambia?"

"Nimefundisha watoto miaka kumi na moja kwamba linaachwa. Niwaambie nini tena?"

Valerian aliinama, akaliweka. Kisha aliinuka na kusema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mawe yaliyotoa dhahabu aliyachukua yeye kwenye lundo la mama huyu, Jumatano, peke yake, akayasaga kwenye karasha lake. Kwamba kilimani hapana kitu. Na kwamba mawe yanatoka nyuma ya choo cha Mama Luka kama alivyosema tangu mwanzo.

"Gete?" aliuliza mchimbaji mmoja. Kweli?

"Gete."

Halafu majembe yakaokotwa. Wanaume ishirini walishuka kile kilima mbio, na Martina akawa wa ishirini na moja, sketi ameikunja mkononi.

Serafina hakukimbia. Alishuka kama alivyofundishwa, hatua fupi, begi tupu, Valerian nyuma yake akiuliza kila mara aweke mguu wapi. Walipofika uani, kifusi cha Nkwabi kilikuwa nusu. Kufikia saa sita hakikuwepo. Choo kilibaki kimesimama kwa sababu Shaaban, aliyetumwa kuja na viroba, alikaa mlangoni na kukataa kupisha. Mzigo wote uliposagwa na kuoshwa, anasema, kilichopatikana kisingetosha kutengenezea hereni, na waligawana watu ishirini na mmoja.

Jioni hiyo halmashauri ilikaa tena kwa dakika kumi. Valerian alirudia mbele ya wajumbe yale aliyoyasema kilimani, akaomba wachague mwenyekiti mwingine. Hilo waliliahirisha. La darasa waliliamua palepale: Serafina anaendelea. Martina aliunga mkono, akasisitiza iandikwe kwenye muhtasari kwamba atakuwa anapita kuangalia.

Likabaki tatizo moja dogo. Mama Luka hakuwa na mawe. Samia alipoambiwa kwa simu alijibu kwamba hilo halimhusu, kesho yake apande na kilo mbili za chochote. Siku tano alipanda na mahindi, na mahindi huwezi kuyaacha kilimani.

Jumamosi walikuja watoto kumi na wawili. Habari ya mahindi ilikuwa imewafikia, na kila mmoja alibeba jiwe aliloliokota njiani. Waliyapanga mlangoni, wakasimama kwa mguu mmoja, wakaanza Nasadiki. Juliana alikuwepo. Alipita Ponsyo Pilato, akafika siku ya tatu akafufuka, ndipo akagusa chini. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono.

"Mama Juliana, unatuzibia mwanga. Ingia au toka."

Martina aliingia, akakaa benchi la nyuma kabisa, miguu yote miwili chini.

Baada ya somo Serafina alichukua chaki kuyaandika namba. Jiwe la Juliana lilikuwa na kona moja mpya, nyeupe, iliyovunjwa kwa nyundo. Kabla ya kumpa mtoto alilete kanisani, Martina alikuwa amelipima kwanza kama lina dhahabu.

Serafina aliligeuza mkononi, akamtazama Martina, Martina akatazama dirishani. Kisha akaandika 153 juu ya ile kona na kulitia begini, liwe la Jumatatu.